Hewa ya Ishiara

Ilipofika saa nne, wakati wa chai, waridi zilizokuwa mezani mbele ya Wambeti zilikuwa zimefunguka tena. Zilikuwa zimeletwa asubuhi zikiwa matumba yaliyofumba, na kwenye meza nyingine zote za banda la kufungashia bado zilikuwa zimefumba vilevile, kwa sababu shamba hilo liko juu ya Timau, karibu kabisa na msitu, na baridi ya huko haina mchezo. Mbele ya Wambeti zilikuwa zimetanuka kama kabichi. Ua lililofunguka halipandi ndege. Linapelekwa kwa ng'ombe.

"Ni wewe tena?" msimamizi aliuliza.

"Ni mimi," Wambeti akajibu, akaendelea kufunga.

Alikuwa amekwisha kuhamishwa kutoka meza moja hadi nyingine, na kila alikopelekwa maua yalifunguka na wanawake waliosimama karibu naye wakavua sweta. Mmoja wao, Eunice, aliomba ahamishwe pamoja naye kila mara. Eunice alikuwa dada ya Mutugi, mume wa Wambeti, na alikuwa na kifua. Kifua hicho kilianza baada ya kuzoea kazi, labda kwa baridi ya stoo, labda kwa dawa wanazonyunyizia maua. Aliyempima zahanati hakutaka kusema ni ipi. Akiwa peke yake Eunice alilazimika kushika meza na kuingoja pumzi, kama mtu anayengoja zamu yake bombani. Akisimama kando ya Wambeti pumzi iliingia mpaka chini na kutoka bila kuombwa.

Sababu ilijulikana Timau nzima. Mutugi alipooa, watu wake walipeleka pipa la asali kwa wakwe huko Ishiara, chini Mbeere, kama inavyotakiwa, na asali ikaliwa ikaisha. Chombo cha wakwe hakirudishwi kikiwa kitupu, hilo nalo linajulikana. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa imepita mbali na Mbeere na nyumbani kwa kina Wambeti hapakuwa na ndengu, mtama wala wimbi wa kutia ndani. Mama yake aliliweka pipa uani wakati wa mchana mkali, kifuniko kikiwa wazi, akaiacha hewa ya pale iingie mpaka juu. Kisha akalifunika, akalikaza kwa kamba ya katani, akalipakia kwenye pikapu pamoja na binti yake.

"Uwaambie hatukurudisha tupu," alisema.

Wambeti alilifungua jikoni kwa Mutugi jioni hiyo hiyo. Hewa ilitoka polepole, nzito, yenye joto, ikinuka vumbi na majani ya mkwaju, na tangu hapo haikumwacha. Ilimzunguka umbali wa mtu kurusha kofia, akienda ikaenda, akikaa ikakaa. Faida zake zilionekana upesi. Huko juu maji huchemka haraka lakini hayana nguvu, na githeri ya mahindi na maharagwe hula kuni mchana kutwa bila haya. Jikoni kwa Wambeti maharagwe yaliiva kama yanavyoiva Ishiara, na majirani wakaanza kuleta sufuria zao. Jalidi ya alfajiri ilizunguka nyumba ikapita kando. Mama mkwe alihamishia kiti chake upande wa jikoni na magoti yake yakanyooka. Mbu nao walikuja, wachache, na familia ikanunua neti bila kunung'unika.

Hapo shambani, hata hivyo, maua ndiyo yaliyokuwa na neno la mwisho. Baada ya chai Wambeti aliitwa ofisini.

Meneja aliitwa Riungu. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya chini, mzee wa kanisa, na hakuna aliyewahi kumsikia akimtukana mfanyakazi. Alimwonyesha Wambeti kiti.

"Wambeti, wewe ni mchapa kazi," alisema. "Hakuna mtu anaongea vibaya juu yako. Lakini maua inafunguka."

"Inafunguka," Wambeti alikubali.

"Sasa tutafanya nini?"

"Sijui, boss. Ni hewa."

"Najua ni hewa," alisema Riungu kwa huzuni ya kweli, akavuta karatasi ya kumwachisha kazi.

Nyuma ya ofisi yake kulikuwa na chumba cha kompyuta, na kutoka humo, tangu shamba lilipowekewa kamera, kulisikika kila siku mlio wa tik, tik, tik. Kamera zilikuwa kila mahali, bandani, stooni, getini, na picha zake zilihifadhiwa kwenye diski. Diski hizo zilikufa ovyo. Lennox, kijana aliyesomea kompyuta katika chuo cha Nchiru na ambaye kazi yake ilikuwa kuzitunza, alikuwa na rundo la maiti zake chini ya meza. Waliouza walisema Nairobi zinafanya kazi vizuri, na walikuwa wanasema kweli. Mchungaji aliyekuja kuombea pampu mpya aliziombea na hizo, zikaenda salama mpaka Alhamisi.

Riungu alipokuwa akitafuta kalamu, mlio ulikoma. Lennox alitokea mlangoni.

"Boss, nani ameingia?"

"Ameingia wapi?"

"Hapa. Vitu zimenyamaza." Alimtazama Wambeti, akatazama waridi moja iliyokuwa kwenye chupa juu ya meza ya meneja, ambayo ilikuwa inajifungua taratibu. "Madam, hebu toka nje kidogo. Enda mpaka pale kwa tangi."

Wambeti alikwenda mpaka kwenye tangi. Ndani, diski zikaanza kulia. Aliporudi zikanyamaza. Walirudia jambo hilo tena na tena, maana Lennox alikuwa amesoma, na waliosoma hawaridhiki na kitu mpaka kimewachosha wenzao. Mwishowe Riungu aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

"Sasa wewe utafanya kazi huko ndani," alisema.

"Kazi gani?"

"Ukae tu."

Ndivyo Wambeti alivyopata kazi ya kukaa. Walimpa kiti chenye mto, katikati ya kabati mbili za chuma zilizokuwa na diski, na ruhusa ya kusuka kiondo mradi asitie uzi kwenye mashine. Chumba kikawa na joto la Ishiara. Lennox alitundika koti lake msumarini asubuhi ya kwanza na hakulivaa tena humo ndani. Kwa kuwa alikuwa kijana mwenye shukrani, alichukua moja ya maiti zake, akaifungua kwa bisibisi, akamwonyesha Wambeti kile ambacho alikuwa anakilinda.

Ndani kulikuwa na sahani inayong'aa kuliko kioo, na juu yake mkono mwembamba wa chuma, na kwenye ncha ya mkono huo kidude kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hiyo ndio kichwa," Lennox alisema. "Ndio inasoma, ndio inaandika. Sahani ikizunguka, inazunguka mbio kushinda tairi ya gari kwa lami. Inavuta hewa. Hiyo hewa inaingia chini ya kichwa, inaibeba. Haigusi, madam. Inafly."

"Inaenda juu kiasi gani?"

"Unajua moshi? Kipande moja ya moshi ni kubwa sana, haiwezi pita hapo katikati."

Wambeti aliinamisha uso, akatazama. "Na haianguki?"

"Huko chini haianguki. Hapa kwetu hewa ni nyepesi, haina nguvu ya kubeba. Kichwa inashuka, inaanza kutetemeka, alafu inagusa. Ikigusa imekwaruza. Ikikwaruza ni kwaheri."

"Kumbe ni hewa."

"Ni hewa tu."

Na hapa lazima kusema ukweli bila kuona haya: kichwa kile ni kitu cha kupendeza mno. Hakina bawa wala injini. Kina uso mdogo uliochongwa vijifereji, basi, na kipande cha chuma laini kinachokishikilia kutoka juu. Kikipanda kidogo, chuma hukirudisha. Kikishuka kidogo, hewa iliyobanwa chini yake hukikataa. Kati ya kurudishwa na kukataliwa kinapata mahali pake, na hapo kinakaa, juu ya kitu kinachopita kasi kama upepo wa kichaa, kinasoma na kuandika mchana kutwa bila kugusa. Wapo watu wengi wenye akili timamu ambao hawajaweza kukaa hivyo na jirani mmoja.

Wambeti alivipenda vichwa hivyo. Alijifunza kuzitambua diski kwa sauti, ile ya juu yenye mvumo mwembamba, ile ya chini inayokoroma kidogo ikianza. Akikohoa aligeuza uso pembeni. Akisikia moja imepandisha sauti, alisogeza kiti karibu nayo, na mvumo ukashuka ukawa sawa. Hakuona ajabu yoyote kwamba hewa ya uani kwa mama yake ilikuwa ikishikilia vidude vile angani. Aliona fahari, na alikuwa na haki ya kuiona.

Ukutani mbele yake kulikuwa na skrini iliyogawanywa vyumba vyumba, na katika kimojawapo alimwona Eunice.

Eunice alikuwa amebaki bandani. Alisimama kwenye meza ileile, sasa akiwa na sweta mbili na kitambaa kichwani. Alikata shina, akapanga, akafunga. Kisha akaweka viganja viwili juu ya meza, akainamisha kichwa, akangoja. Pumzi ilipofika, akaendelea. Wambeti alijikuta akingoja naye, sindano ikiwa imesimama juu ya kiondo.

Saa ya chakula walikutana kwenye nyasi nyuma ya ofisi. Eunice alikuja akitembea kidogo, akisimama kidogo, na alipoingia kwenye ile duara ya joto aliketi chini, akafungua mikono yake.

"Bibi yetu, leta hewa," alisema. Tangu siku ya arusi alimwita hivyo, bibi yetu, kwa utani, kana kwamba ukoo mzima ndio uliooa. Ni yeye aliyelala na Wambeti wiki za mwanzo alipokuwa akilia kwa baridi, na ni yeye aliyemfundisha kukamua ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi.

"Mama Mwenda, unaumwa," Wambeti alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Siumwi. Nakosa hewa tu. Nikila hii ya saa saba inanifikisha mpaka saa tisa. Hapo kutoka saa tisa najisukuma."

Wambeti alimwendea Riungu siku hiyohiyo.

"Boss, Mama Mwenda akuje akae na mimi."

"Afanye kazi gani?"

"Afungie maua huku ndani."

"Maua itafunguka."

"Basi akae tu. Si hata mimi nakaa tu."

Riungu alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka haraka. "Wewe unakaa kazi," alisema mwishowe. "Yeye atakuwa amekaa bure."

"Basi hizo mashine tupeleke kule bandani, nikae nazo huko."

"Huko kuna maji na majani na matope. Lennox, hiyo kitu inataka matope?"

"Haitaki, boss," Lennox alisema akitazama chini.

Kwa hiyo Wambeti alirudi kwenye kiti chenye mto. Alianza kuondoka mapema saa ya chakula na kurudi amechelewa, kisha Riungu akamwomba kwa upole asifanye hivyo, kwa sababu diski zililia alipokuwa kwenye nyasi. Chakula chake kikawa kinaletwa ndani. Eunice alikuja siku ya kwanza akasimama nje ya dirisha la chumba cha kompyuta, lakini dirisha hilo lilikuwa limepigwa mpira pembeni ili vumbi lisiingie, na mpira unaozuia kitu kuingia huzuia pia kutoka. Walitazamana kupitia kioo. Eunice alimwonyesha kwa mkono kwamba kiondo kinapendeza. Halafu akarudi bandani.

Ikumbukwe kwamba kabla ya Wambeti, kamera za shamba zilikuwa mapambo. Diski zikifa kila mara, picha zilikuwa na mapengo makubwa, na mtu angeweza kusinzia, kula karanga, kupiga hadithi au kushika kifua, na kesho yake hakuna aliyejua. Sasa hapakuwa na pengo. Vichwa viliruka bila kutetemeka, vikaandika kila kitu, mchana baada ya mchana, na Riungu, aliyekuwa amezoea skrini nyeusi, akaanza kukaa nyuma ya kiti cha Wambeti na kikombe cha chai kuzitazama siku zilizopita. Alifurahi kama mtu aliyevalishwa miwani kwa mara ya kwanza. Aliona nani anachelewa. Aliona nani anaegemea ukuta. Na aliona kwamba hakuna aliyesimama bila kufanya kitu mara nyingi kama Eunice.

Alimwita kwenye chumba kile, kwa kuwa skrini nzuri ilikuwa hapo, na kwa kuwa kulikuwa na joto. Alimwita pia nesi wa zahanati ya shamba, maana alitaka jambo lifanywe kwa haki.

Eunice aliingia na buti zake zenye maji. Alipovuka kizingiti mabega yake yalishuka. Alivuta pumzi, akaiachia, akavuta nyingine, na uso wake ukarudi rangi yake. Alimtazama Wambeti akatabasamu. Riungu akamwambia Lennox aweke picha.

Picha ilikuwa nzuri sana. Hata Eunice aliisifu. Ungeweza kuona mkasi ulivyoshikwa, tone la maji kwenye jani, mvuke wa mdomo wake ulivyotoka mfupi mfupi. Eunice wa kwenye skrini alifunga fungu moja, akaweka viganja mezani, akainama. Mikono ya wenzake ilienda na kurudi pande zote. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakuna kilichoruka, hakuna kilichokatika. Kila punje ya muda huo ilikuwa imeandikwa na kichwa kisichogusa.

"Hapo unafanya nini?" Riungu aliuliza.

"Napumua."

"Na hapa?"

"Hata hapo napumua, boss."

"Wenzako hawapumui?"

"Wanapumua wakifunga. Mimi siwezi hizo mbili pamoja. Niko na kifua."

Riungu alimgeukia nesi. Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye haraka, na alikuwa amefurahia joto la chumba kile. Alifungua vifungo viwili vya sweta ya Eunice, akaweka chombo chake kifuani, kisha mgongoni, akasikiliza kwa makini sana.

"Vuta. Achia. Vuta tena." Akatoa chombo masikioni. "Kifua ni safi. Safi kama ya mtoto."

"Ni kwa sababu Wambeti yuko hapa," Eunice alisema. "Twende unisikize kule kwa meza."

"Kule na kelele ya hiyo mashine ya kukata nitasikia nini?"

"Basi nje."

"Nikuvue sweta nje, na hii baridi?"

"Boss," Lennox alisema, "hiyo ni ukweli. Ni hewa."

"Najua ni hewa," Riungu alisema. "Sijakataa. Lakini nesi anaandika vile amesikia, na mimi naandika vile nimeona. Sisi tuko hapa."

Hapo Wambeti aliweka kiondo sakafuni, akasimama.

"Wambeti, kaa," Riungu alisema. "Mashine inaandika."

Hakukaa. Alipita kati ya kabati mbili, akapita ofisi ya meneja, akatoka mpaka kwenye tangi la maji, na hapo hakusimama. Aliendelea kuelekea getini, na hewa ya Ishiara ikamfuata yote.

Baridi ya Timau iliingia chumbani kama mwenye nyumba. Lennox alinyoosha mkono kwenye msumari akachukua koti. Eunice alikuwa katikati ya kusema kitu na hakukimaliza. Alitafuta mahali pa kushika, akapata ukingo wa kabati, akainama vilevile alivyokuwa ameinama kwenye skrini, na kifua chake kikatoa mlio ambao hata mtu asiyesomea unesi angeuelewa. Lakini nesi alikuwa amekwisha kukunja chombo chake na kukitia mfukoni. Na Riungu hakuwa anamtazama Eunice. Juu kwenye kabati, ile diski yenye mvumo mwembamba ilikuwa imeanza, tik, tik, tik, na ile ya chini inayokoroma ikaipokea, na meneja alikuwa amepiga magoti mbele yake akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Lennox! Lennox, fanya kitu!"

Hakukuwa na la kufanya. Vichwa vilishuka, vikatetemeka, vikagusa. Kamera ya chumba kile ilikuwa inatazama kila kitu kutoka kwenye pembe ya dari, lakini hakuna picha ya Eunice akiwa ameshika kabati. Picha ya mwisho iliyosomeka ni ya nesi akisema kifua ni safi.

Eunice aliachishwa kazi kabla ya jua kutua. Alimkuta Wambeti amekaa kwenye jiwe nje ya geti, akaketi karibu naye mpaka mdomo wake ulipoacha kuwa wa buluu, ndipo wakaenda nyumbani.

Riungu alimtumia Wambeti salamu mara kadhaa, za heshima, akimwomba arudi kwenye kiti chake. Wambeti alijibu kwamba atarudi Eunice akikaa naye. Watu wa Timau walisema amefanya vizuri, na kwa muda ilionekana kwamba shamba lingekubali, kwa sababu skrini ilikuwa nyeusi na bandani watu walikuwa wanasinzia tena kwa amani.

Kisha Jumapili moja Lennox akaja nyumbani kwa Mutugi. Alipewa sahani ya githeri, akala, akaongezwa. Alionekana mtu mwenye furaha anayeionea aibu furaha yake.

"Wamenunua zingine," alisema.

"Zitakufa," alisema Mutugi, ambaye alikuwa akichagua mbegu za viazi mlangoni.

"Hizi hazikufi, mzee. Hizi zimefungwa kabisa, hata ukizitia kwa maji hazina shida. Ndani haziko na hewa yetu. Ziko na gesi yao, wameiweka huko kiwandani, nyepesi kushinda hewa, na vichwa zimetengenezewa hiyo. Sahani ni nyingi, zimebanana, na vichwa zinafly chini kushinda zile za kwanza. Na hazitetemeki! Unaweza kuipeleka mpaka juu ya mlima kwa theluji."

"Mpaka kwa theluji?" Wambeti aliuliza.

"Mpaka kwa theluji."

Wambeti alifikiri juu ya vichwa hivyo vipya, vimetulia ndani ya giza lao, kila kimoja mahali pake, bila kuhitaji mtu wa kukaa navyo. Alijua ni kazi gani kukaa vile. "Basi ni vizuri," alisema, na alisema kwa moyo wake wote. Alimwongezea Lennox chai. Hakuna aliyetaja kiti chenye mto, kwani kilikuwa kimerudishwa ofisini.

Eunice alikaa karibu na jikoni majuma mengi. Alikaa kando ya kiti cha mama yake, akimenya viazi, akibishana na majirani ni sufuria ya nani ilitangulia kufika. Kifua kilinyamaza. Alianza kuimba kanisani tena, sauti ya pili, na akirudi alikuwa anapanda mlima bila kusimama ikiwa Wambeti yuko upande wake. Alinenepa mashavu.

Februari ilipokaribia, shamba lilianza kuajiri kama kila mwaka, maana huko ng'ambo watu hupeana waridi nyekundu mwezi huo na hawana subira. Wakati huo huchukuliwa kila mwenye mikono, na hakuna anayeulizwa alitokaje mara ya kwanza. Eunice alitoa buti zake chini ya kitanda akazipangusa.

"Mama Mwenda, kaa nyumbani," Wambeti alisema.

"Nikae mpaka lini? Mwenda anaingia form one. Na viazi ya Mutugi umeiona, imeungua na baridi yote, imebaki ile iko karibu na wewe, inatosha sisi kula tu. Huku Timau kazi ingine iko wapi?"

"Kifua itarudi."

"Najua," alisema Eunice. "Unisindikize."

Walitoka kukiwa kumepambazuka. Nje ya geti wanawake walikuwa wamepanga foleni na vitambulisho mikononi, wakipigapiga miguu, na Wambeti alipofika waliokuwa karibu walifungua sweta zao wakamsalimia kwa jina. Kamera ya getini ilikuwa mpya pia, ndogo, yenye taa nyekundu. Foleni ilienda upesi. Karani alitazama mikono, akatazama vitambulisho, akanyoosha kidole kuelekea bandani.

Zamu ya Eunice ilipokaribia alimshika Wambeti mkono.

"Bibi yetu, simama hapa kidogo. Usiende bado."

Wambeti alisimama. Eunice alinyoosha mgongo, akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu, mpaka chini kabisa, mpaka mabega yakapanda na vifungo vya koti vikakaza. Halafu akafunga mdomo. Alitoa kitambulisho, karani akamnyooshea kidole, naye akaingia, akipita kibanda cha askari kwa hatua za haraka, mabega yakiwa bado juu. Wambeti alimpungia mkono. Eunice hakugeuka wala kuaga, kwa maana angelazimika kufungua mdomo.